Mlango Uliotazama Mlima

Sogea kidogo unisikilize vizuri, maana kisa changu kinaning'inia kwenye neno moja, na neno lenyewe ni dogo, linaweza kukupita. Kwa Kiswahili tuna "nyumbani" na tuna "kwetu". Mtu wa mtaa wa Mafiga akitoka kazini jioni atakuambia anakwenda nyumbani. Mtu huyohuyo, ikikaribia Krismasi, atakuambia anakwenda kwetu, na hapo ana maana ya Tukuyu, au Makete, au Njombe, kule liliko kaburi la babu yake. Hapa Morogoro wengi wetu tuliletwa na viwanda na mashamba ya miwa, kwa hiyo ukituuliza nyumbani ni wapi, tusubiri kidogo. Tunachagua jibu. Hilo naliweka mbele yako mapema, kama mtu anavyotangulia kuweka chumvi mezani, ili chakula kikija usianze kuitafuta.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Faraja. Alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama tuliotoka nyanda za juu kusini, chama kilichowalea wazee wetu wasio na watoto mjini hapa, na hakuna aliyekiongoza muda mrefu kama yeye. Chini ya turubai pale Kihonda, wakati sufuria za pilau zinafunikwa na watu wanatafuta viti, binti yake alinijia na karatasi mbili. "Mama Tupo, sauti yako inasikika. Tusomee wasifu." Nikaupitia kwa macho nikiwa nimesimama karibu na spika. Alizaliwa, akasoma, akaolewa, akaja Morogoro. Halafu kwenye ukurasa wa pili, katikati, mstari huu: "Alimrudisha Bibi Sekela nyumbani kwake kwa heshima zote." Nina mvi sasa, nina wajukuu wawili, lakini mstari ule ulinikuta nina miaka ishirini, nimepiga goti kwenye mkeka, macho ya wanawake kumi na tano yakiwa kwangu.

Mwaka ule ndio nilikuwa nimefika mjini. Chama kilinipokea kama kinavyompokea msichana yeyote wa kwetu: ukishafika unapewa mahali pa kulala, na mahali pa kulala panakuja na kazi. Kazi yangu ilikuwa Bibi Sekela. Alikuwa mjane, Mnyakyusa kama mimi, amekaa Mafiga miaka mingi kuliko mtu yeyote niliyemjua. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, ya tofali za kuchoma, na mlango wa mbele uliotazama milima ya Uluguru moja kwa moja, kiasi kwamba asubuhi ukiufungua mlima unakuwa kama mgeni aliyekwisha kufika, anasubiri kukaribishwa. Chumba cha mbele kilikuwa na kitanda cha kamba, kabati lenye kioo kilichopasuka, na harufu ya tangawizi isiyoisha. Nyuma alipika kwa mkaa. Alinifundisha kupika mbalaga, zile ndizi zetu, ingawa alilalamika kwamba ndizi za Morogoro ni za kizembe, zinaiva kabla ya kuambiwa.

Kitu kimoja lazima nikueleze kuhusu bibi, la sivyo hutaelewa yaliyofuata. Kiswahili kilikuwa kinamtoka. Kilikuwa kimeanza kabla sijafika, na kila wiki kilipungua, kama mtu anayevua kanga ya juu akabaki na ya ndani. Aliyemzoea kwa Kiswahili chake kizuri alidhani amerukwa na akili. Hakuwa amerukwa na akili. Akili yote ilikuwepo, imehamia kwenye Kinyakyusa, na pale mtaani aliyekuwa na ufunguo wa chumba hicho nilikuwa mimi tu. Majirani walinipa jina la mkalimani. Nililipenda sana. Msichana asiye na cheo chochote duniani, unamwita mkalimani, atatembea amenyoosha shingo wiki nzima.

Na alikuwa na rafiki. Bi Zena, Mluguru, alishuka kutoka mlimani siku za Jumanne na Jumamosi na tenga la njegere kichwani, kwa miguu, kabla jua halijawa kali. Kabla ya kwenda sokoni alipumzika kwenye kizingiti cha bibi. Wakati mimi nafika walikuwa hawana tena lugha ya pamoja, mmoja akisema Kiluguru na Kiswahili, mwingine Kinyakyusa, na hilo halikuwasumbua hata kidogo. Walimenya njegere. Bi Zena alisimulia habari za jirani yake mlimani aliyeolewa mara ya tatu. Bibi akacheka mahali panapostahili. Siku moja nikataka kuwasaidia, nikaanza kutafsiri, Bi Zena akanikata: "Wewe mtoto, nani kakuita? Mbona tunasikilizana!" Wakacheka wote wawili, wakanicheka mimi. Akiondoka aliacha njegere za kujaza viganja viwili kwenye bakuli la bati. Hakuwahi kusahau.

Masika yalipokuja, upepo uliezua mabati ya chumba cha mbele. Mama Faraja alifika asubuhi hiyohiyo, sketi ameipandisha mpaka magotini, akaingia kwenye maji kabla sijamwamkia. Nataka umwone alivyokuwa, kwa sababu sitaki umchukie haraka kuliko nilivyomchukia mimi. Mwanamke yule aliwaogesha wazee kwa mikono yake. Aliwakata kucha za miguu kwa wembe mpya, akipuliza kidole kila akimaliza, kama cha mtoto. Alimbeba bibi mgongoni mpaka barabarani. "Utakaa kwangu Kihonda mpaka paa liezekwe," akasema, na mimi nikamtafsiria bibi, bibi akasema, "Ndaga fijo," asante sana, hata mara tatu.

Chumba tulichopewa kilikuwa safi, kina chandarua kipya, na mlango wake ulitazama ukuta wa jirani. Ukiufungua unaona tofali, na juu ya tofali vipande vya chupa. Siku za kwanza bibi alikula vizuri. Wiki ya pili akaanza kuamka mapema, kuufungua mlango, kuutazama ule ukuta, kisha kunigeukia. "Ngulonda ukubuuka kukaja." Nataka kwenda nyumbani. Nikamwambia, bado paa, bibi. Kesho yake akasema tena. Nilipokwenda Mafiga kuangalia, nikakuta paa limekwisha kuezekwa, mabati mapya yanang'aa, na mlango umetiwa kufuli ambalo silijui. Nilimuuliza Mama Faraja. Akasema rangi haijakauka. Sikuona rangi yoyote.

Wakati huohuo kulikuwa na mazungumzo ambayo niliyasikia nusunusu, kwa sababu msichana anayeosha vyombo husikia nusu ya kila kitu. Shirika moja lilikuwa limekubali kukipa chama vyerehani sita ili kufundisha wasichana, na lilikuwa na sharti moja: chama kiwe na chumba chake, chenye kufuli, karibu na barabara. Wanawake walitafuta kila mahali. "Hata banda la kuku tutalipaka chokaa," alisema Mama Sanga, Mkinga mmoja mwenye mdomo usio na breki, aliyetufanya tucheke hata misibani. Mama Faraja hakucheka. Alikuwa anakoroga chai, na aliendelea kuikoroga baada ya sukari kwisha kuyeyuka.

Kisha ukaja mkutano. Tulikaa uani Kihonda, kwenye mikeka, wengine wote Wabena na Wakinga, Wanyakyusa ni mimi na bibi tu, tumekula wali wa Dakawa na maharage, Mama Sanga akiusema ule wali kwamba haunukii: "Wa Kyela ukiupika jirani anakuja mwenyewe bila kuitwa. Huu hata aliyeupika hajui kama umeiva." Bibi Sekela alikuwa amekalishwa kwenye kiti pekee, amefungwa kanga mpya. Mama Faraja akasimama. Akasema kwa upole kwamba wazee wanapofika mahali fulani wanataka kurudi, na chama hakiwezi kuwa jela. Akasema yeye ni Mbena, Kinyakyusa hakijui, basi asingetaka kumsemea bibi. "Tupo, mwanangu, muulize bibi mbele yetu sote. Anataka nini?"

Nilipiga goti mbele ya bibi nikamuuliza. Akanijibu kwa kirefu, amenishika mkono, na nitakueleza alichosema chote, kwa mpangilio wake, maana siku ile sikufanya hivyo. Alisema: nataka kwenda nyumbani. Kule ambako ukifungua mlango mlima umekaa mbele yako. Mwenye njegere atakuja, atakuta pamefungwa, atadhani nimemkasirikia.

Nikawageukia wanawake. "Anasema anataka kwenda nyumbani."

"Nyumbani Tukuyu," Mama Faraja akasema taratibu, kama anayemalizia sentensi ya mtu mwenye kigugumizi.

"Anasema," nikaendelea, "kule ambako ukifungua mlango unauona mlima."

"Mlima Rungwe huo!" Mama Sanga akapiga kofi. "Jamani, mtu hasahau mlima wake! Nyie Wanyakyusa na mlima wenu!" Wanawake wakaanza kufuta machozi. Mmoja akaanzisha pambio. Nami nilikuwa bado nimepiga goti na njegere zangu mdomoni, sijazisema. Kwa nini sikuzisema? Nimejiuliza miaka yote hii, na jibu si kubwa. Niliona ni neno la kitoto. Niliona litamwaibisha bibi, watu wanalia kwa ajili ya mlima, yeye analeta habari za njegere. Na nilikuwa mkalimani, wanawake wananitazama kwa mapenzi, na mkalimani mzuri, nilidhani, ni yule anayesema lililo muhimu. Neno "kukaja", ambalo kwetu ndilo "nyumbani" na ndilo "kwetu", lilikuwa na uwezo wa kwenda njia mbili, kama njia panda ya Msamvu, upande huu Dodoma, upande ule Iringa. Kitu pekee ambacho kingeonyesha ni njia ipi kilikuwa zile njegere, kwa sababu hakuna Mluguru anayeshuka na tenga kule Tukuyu.

Ilichukua siku tisa tu. Mtoto wa kaka yake alipatikana kule, akakubali kumpokea, akakubali pia chama kiitumie nyumba ya Mafiga. Tulimpeleka stendi asubuhi. Bibi alikuwa ametulia sana, kwa sababu nilikuwa nimemwambia anakwenda kukaja, na alidhani basi ni la kwenda Mafiga. Mama Sanga ndiye aliyemsindikiza. Alipanda kupanga mizigo. Mimi nilibaki chini, na Mama Faraja akasimama kwenye dirisha la bibi. Injini ilipowaka, bibi akaona tumebaki chini. Akaanza kugonga kioo. Mama Faraja akakisogeza kioo, akamshika mkono, akamwambia kwa Kinyakyusa, Kinyakyusa safi, cha mtu aliyekinywa: "Usilie, mama. Nyumba yako tutaitunza. Na mwenye njegere nitamsalimia."

Basi likaondoka. Nilisimama pale, na nakumbuka mtu wa mayai ya kuchemsha alinipita mara mbili akiniuliza nataka mangapi.

"Mama," nikasema, "kumbe Kinyakyusa unakijua."

"Mama yangu alikuwa Mnyakyusa. Nimekinyonya."

"Basi ulisikia yote. Ulisikia bibi alichosema mkutanoni."

"Nilisikia."

"Sasa mbona ulinitaka mimi nitafsiri?"

Alinitengeneza kola ya gauni, kwa mkono uleule wa kukata kucha za wazee. "Kwa sababu mdomo wangu wangeutilia shaka," akasema. "Wako hawakuutilia. Twende, mwanangu, jua linapanda."

Nikuulize wewe unayenisikiliza: ungefanya nini? Kila nikisimulia kisa hiki, wasichana ninaowafundisha wananiambia wangepiga kelele palepale stendi. Nawaambia vizuri, na ninaamini baadhi yao wangepiga. Mimi nilimfuata. Sikuwa na mahali pengine pa kulala. Na nilielewa kitu kimoja kibaya, kwamba uongo wake wa rangi na wa lugha usingetosha bila mimi. Aliyesema nyumbani ni mimi. Aliyeacha njegere ni mimi. Yeye alinitafuta tu, kama fundi anavyotafuta kisu chenye makali ya kutosha, akaniacha nikate.

Vyerehani vilikuja kabla ya kipupwe. Viliwekwa kwenye chumba cha mbele cha Bibi Sekela, vitatu upande huu, vitatu upande ule, mahali palipokuwa na kitanda cha kamba. Ukutani bado palikuwa na alama ya kabati. Wasichana sita tulianza mafunzo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Hilo pia lazima nikuambie, wala usinionee huruma: nilikuwa mwanafunzi bora. Mkono wangu wa kushona, ambao umenilisha mimi na watoto wangu mpaka leo, ulifundishwa katika chumba kile. Kila gauni la harusi nililowahi kushona limetoka pale. Nilikaa karibu na mlango kwa ajili ya mwanga, na nikiinua kichwa naona mlima.

Jumanne ya kwanza, Bi Zena akatokea. Alitua tenga kwenye kizingiti kama kawaida yake, akafungua kanga ya kichwani akajipangusa, kisha akachungulia ndani, akaona mashine.

"Shikamoo, Bi Zena."

"Marahaba. Mwenzangu yuko wapi? Nimekuja mara mbili tatu nikakuta kufuli."

"Amerudi nyumbani, Bi Zena."

Akanitazama. Akaitazama nyumba, akaanzia kwenye mabati mapya mpaka chini kwenye kizingiti alichozoea kukalia. "Nyumbani si hapa?"

Wasichana wenzangu waliendelea kukanyaga mashine. Niliinama nikajifanya natafuta sindano. Bi Zena alikaa kidogo tu, akaomba mtu amtwishe tenga, nikatoka nikamtwisha. Hakuacha njegere. Tangu siku hiyo aliendelea kupita mtaa ule kila Jumanne na Jumamosi, lakini akipumzika alipumzika kwenye kizingiti cha nyumba ya tatu, na mimi nilimwona kila wiki kutoka kwenye cherehani changu, amenipa mgongo.

Kabla mwaka haujaisha ilikuja barua kutoka kwa yule mtoto wa kaka. Ilielekezwa kwa chama, na kwa kuwa aliichanganya na Kinyakyusa, wanawake wakaniambia niisome. Bibi alikuwa amefariki, amezikwa vizuri. Alishukuru kwa yote. Kisha, kama mtu anayesimulia jambo la ajabu asilolielewa, akaandika kwamba shangazi yake alikuwa akiamka kila alfajiri, anafungua mlango, anautazama mlima, anasema, "Si wenyewe," anaufunga. Kila siku mpaka siku ya mwisho. Nilisoma mstari ule kwa sauti. Nilisoma wote, sikuruka hata neno. Mama Faraja alikuwa amekaa mbele yangu, na nilimwona anatazama chini na kuanza kung'oa uzi kwenye upindo wa mkeka, mmoja baada ya mwingine. Wengine walisema masikini bibi, akili ilikuwa imekwenda.

Sikuwahi kumwambia neno tena kuhusu jambo lile, wala yeye hakuniambia. Tulifanya kazi pamoja miaka yote iliyobaki. Aliniteua katibu. Aliposhindwa kujiogesha, mimi ndiye niliyemwogesha, na kucha zake nilizikata kwa wembe mpya. Wakati mwingine nilitegemea aseme. Nilikuwa napuliza kidole na kusubiri. Alisema asante, kwa Kiswahili.

Basi nirudi kwenye turubai. Nilikuwa nimefika ukurasa wa pili, na watu walikuwa wametulia. Ningeweza kuusoma mstari kama ulivyoandikwa. Binti yake aliuandika kwa nia njema, ndivyo alivyoambiwa. Ningeweza kusimulia yote haya mbele ya jeneza, nikawaharibia watoto msiba wao. Nilibadilisha maneno machache. Nilisoma: "Alimtoa Bibi Sekela nyumbani kwake, akampeleka kwao." Kisha nikaendelea na mstari uliofuata, mpaka mwisho, na watu wakasema amina.

Sikudhani yupo aliyesikia. Lakini tulipotoka makaburini, Mama Sanga, ambaye sasa anatembea kwa fimbo na amebaki na meno ya kuhesabika, alinishika kiwiko. "Umesoma vibaya pale," akasema.

"Nimesoma vizuri, mama."

Tukatembea hatua kadhaa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani. "Mimi ndiye niliyempeleka," akasema. "Njia nzima, kila basi liliposimama, alinishika mkono akanionyesha kwa kidole tulikotoka. Mikumi, Iringa, Makambako, kila mahali. Sikujua lugha yake, lakini kidole nilikielewa. Nikajiambia, Tupo amesema nyumbani, na Tupo ndiye anayejua." Akachomeka fimbo ardhini. "Nilikuwa namwambia kesho. Kesho, bibi, kesho."

Hilo ndilo nililotaka ulisikie, na sasa nikuombe jambo moja, rahisi, unaloweza kulifanya hata wewe usiyejua lugha yoyote ya pili. Mzee wako atakapokuambia anataka kwenda nyumbani, usifunge mizigo. Keti chini karibu naye umuulize: ukifungua mlango, unaona nini, na nani anakuja? Mwache amalize. Kisha simama uwaambie wenzako alichosema, chote, kwa mpangilio wake, hata njegere.